Kwa Nini Mti wa Babu Huchanua Lakini Hauzai?

Najua wapo watakaouliza: makala ya bayolojia yanatafuta nini katika gazeti la Chama cha Kiswahili? Jibu langu ni fupi. Swali lenyewe niliulizwa kwa Kiswahili, nyumbani kwetu, na mtu asiyejua Kiingereza. Kulijibu kwa lugha nyingine kungekuwa sawa na kutolijibu. Basi nifuateni polepole, na mwisho wa makala nitawaachia maswali machache ya kujipima.

MTI WENYEWE

Mbele ya nyumba ya marehemu babu yangu, katika kijiji kimoja kaskazini ya Malindi, pana mfranjipani. Bila shaka mmeuona mti huo hata kama hamlijui jina lake. Ni ule wenye matawi manene yaliyopinda, maua meupe yenye moyo wa manjano, na ukichuma jani lake unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Mahoteli ya pwani hupenda kuupanda bustanini. Mti wa babu huchanua hadi uwanja mzima ukawa mweupe, na usiku harufu yake huingia mpaka chumbani. Lakini tangu nizaliwe sikuona hata tunda lake moja. Niliwauliza wazee, nao hawakuona.

Katika nyumba hiyo sasa anakaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Aliolewa, akakaa na mumewe miaka 11, hawakujaliwa mtoto, akarudi kwao. (Ameniruhusu kuyaandika haya, bora nisimtaje jina.) Midomo ya watu, kama mjuavyo, haina pazia. Siku moja bombani, mbele ya ndoo zilizopangwa foleni, mwanamke mmoja alifanya mzaha: eti mti na mwenye mti ni ndugu, maua tele, matunda hakuna. Wengine wakacheka. Shangazi aliteka maji yake, akajitwika, akaenda zake bila kusema neno.

Nilipofika likizo ya Agosti mwaka jana nilikuta shoka limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Kesho utanisaidia kuukata mti huu."

"Mti wa babu? Mbona, shangazi?"

"Mti tasa huu. Nimechoka kufagia maua."

Nilijua kwamba hakuchoshwa na maua. Nikamwambia, "Shangazi, nipe muda nikaulize shuleni kwa nini hauzai. Nikikosa jibu nitaukata kwa mkono wangu mwenyewe." Akanitazama, akaguna. "Haya. Mpaka maua ya mwaka huu yaishe. Zaidi ya hapo sikusikilizi."

NI HATUA GANI ILIYOKATIKA?

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa bayolojia na swali langu. Hakunijibu mara moja. Aliniambia, "Usianze kwa kusema tasa. Neno hilo si jibu, ni tusi tu. Anza kwa kuuliza ni hatua gani iliyokatika." Kisha akanichorea hatua hizo ubaoni, nami nawachorea ninyi kwa maneno.

Ua ni kazi inayoanza, wala si ahadi ya tunda. Ili ua lizae mbegu, mambo manne sharti yafuatane:

1. Ua liwe na viungo vyake vya uzazi, na viwe vizima. Kiungo cha kiume ni stameni, kinachotoa unga uitwao chavua. Cha kike kina stigma inayopokea chavua, na chini yake ovari yenye vijiyai vya mbegu.

2. Chavua ifike kwenye stigma. Haiwezi kutembea, lazima ibebwe na upepo, mdudu, ndege, popo au mkono wa mtu.

3. Chavua ikubaliwe. Ikishatua, huota kimrija kinachoshuka hadi kwenye ovari. Kama ua linaikataa, kimrija hicho hukwama njiani au kazi yake huharibika.

4. Mbegu ilishwe mpaka ikomae. Ukame, ugonjwa au wadudu waweza kuiangusha kabla ya wakati.

Mlolongo huu ukikatika popote, mti utachanua na usizae. Tuangalie mifano, maana kila mti una sababu yake.

Hatua ya kwanza hukatika kwa mpapai dume. Huo una maua ya kiume matupu, basi kwa kawaida huwezi kuvuna papai hapo hata uumwagilie maji ya mvua na ya kisima. Mtende nao ni hivyo hivyo: kuna wa kiume na wa kike. Hukatika pia kwa baadhi ya mawaridi yale mazito yenye petali tabaka kwa tabaka. Wakulima wa maua waliyachagua kwa uzuri huo, lakini nyingi za petali zile zilipaswa kuwa stameni. Uzuri umekula uzazi.

Kisha kuna machotara. Mnajua kwamba punda na farasi humzaa nyumbu, na nyumbu kwa kawaida hazai. Miti nayo ina nyumbu wake. Ua la bauhinia lililomo katika bendera ya Hong Kong tangu mwaka 1997 ni la mti chotara wa aina mbili za bauhinia. Karibu hauzai mbegu kamwe. Huendelezwa kwa kupandikiza na kwa vipande vya matawi. Wapenda bustani wa nchi nyingi wanao, na wote wanatunza vipande vya mti ule ule.

KIJANA WA MIAKA 12

Mfano wa hatua ya pili ndio ulionisisimua kuliko yote. Vanila si mti bali ni mmea utambaao, na kwao ni Meksiko na nchi jirani. Wafaransa waliupeleka katika kisiwa cha Réunion, huku kwetu katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Ukastawi, ukachanua, lakini ganda la vanila halikupatikana. Wadudu waliolizoea ua lile walibaki Amerika. Ndani ya ua la vanila kuna kiwambo kidogo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, na bila wa kukiinua chavua haivuki.

Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alikiinua kiwambo kile kwa kijiti chembamba, kisha kwa kidole gumba akaigandamiza chavua kwenye stigma. Ganda likatunga. Njia yake ikaenea, na mpaka leo mashamba ya vanila ya Madagaska huchavushwa kwa mkono, ua baada ya ua. Edmond mwenyewe hakutajirika. Aliachwa huru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa kisiwani, akafa maskini mwaka 1880.

Mwalimu alipomaliza hadithi hiyo alinitazama akasema, "Alikuwa mdogo kuliko wewe." Nikaelewa alichotaka.

UA LENYE HILA

Turudi kwa mfranjipani. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Jina lake la kisayansi, Plumeria, ni la kumkumbuka Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa aliyechunguza mimea ya Karibi katika karne ya 17.

Ua la mfranjipani lina stameni na lina ovari. Hatua ya kwanza, basi, haina kasoro. Lakini viungo hivyo vimefichwa chini kabisa, ndani ya shingo nyembamba ya ua. Nyuki hafikii. Anayeweza ni nondo mkubwa wa usiku mwenye mrija mrefu wa kunyonyea, na ndiyo sababu harufu ya ua huzidi giza linapoingia: inamwita yeye.

Na anapokuja hupata nini? Hapati kitu! Mfranjipani hauna mbochi, yaani yale maji matamu wanayoyafuata wadudu. Wataalamu walioufanyia uchunguzi kule kwao Amerika ya Kati waliona kwamba ua hili humhadaa nondo kwa harufu. Huingiza mrija, hukosa, huenda kujaribu ua jingine, na katika mahangaiko hayo hubeba chavua. Nondo akishaerevuka haendelei kutembelea mti ule. Kwa hivyo hata kwao matunda ni machache ukilinganisha na wingi wa maua.

Jambo la pili waliloliona ni zito zaidi. Mti huu huikataa chavua yake wenyewe. Chavua lazima itoke kwa mfranjipani mwingine, mwenye asili nyingine. Nilipolisikia hilo nilisema moyoni, ah, lakini kijijini kwetu mifranjipani imejaa! Kwa jirani upo, msikitini upo, dukani upo. Mbona hiyo yote haizai?

"Kaulize ilitoka wapi," mwalimu akasema.

MITI KUMI NA MITATU, MTI MMOJA

Likizo ya Disemba nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiwa na daftari. Nilihesabu mifranjipani 13 ya maua meupe. Kila mwenye mti nilimuuliza: "Mti wenu huu mliupata wapi?" Mzee wa kwanza alisema, "Si nilipewa tawi na babu yako?" Wa pili akasema alichukua tawi kwa mzee wa kwanza. Msikitini walipewa na babu. Mwenye duka alipewa na shemeji yake, na shemeji alipewa na babu. Na babu mwenyewe, kwa maelezo ya shangazi, alikuja na tawi moja kutoka Malindi, kwa tajiri aliyekuwa akimfanyia kazi ya bustani.

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Mfranjipani hupandwa kwa tawi. Unakata, unaliacha wiki moja au mbili kidonda kikauke, unalichomeka katika mchanga, nalo linaota. Ni rahisi mno, wala hakuna aliyewahi kuhitaji mbegu. Lakini tawi si mtoto wa mti. Tawi ni mti wenyewe uliohamia mahali pengine. Miti ile 13 haikuwa ndugu, wala mtu na jirani yake. Ilikuwa mti mmoja uliosimama mahali 13! Hata nondo angehangaika usiku kucha kutoka ua hadi ua, chavua anayobeba ni ya mti ule ule, na kila ua lingeikataa.

MIMI NIKAWA NONDO

Nilihitaji mti wa asili nyingine. Niliupata ng'ambo ya barabara kuu, katika uwanja wa mzee mmoja, wenye maua mekundu. Yeye aliuleta kutoka Mombasa. Alinipa ruhusa nichume maua machache kila alfajiri.

Nilichukua kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia, kile cha nailoni, kiwe badala ya mrija wa nondo. Nilikiingiza katika shingo ya ua, nikakivuta, nikakiingiza katika ua la pili. Niliyagawa maua ya mti wa babu mafungu matatu, kila fungu maua 20, nikayafunga nyuzi za rangi ili nisichanganye:

- Uzi mweusi: chavua ya mti wa babu wenyewe.
- Uzi wa buluu: chavua ya mti mweupe wa msikitini.
- Uzi mwekundu: chavua ya mti mwekundu wa ng'ambo.

Kila fungu nilitumia mshipi mpya. (Mkijaribu, jihadharini na utomvu. Huwasha ngozi, na machoni ni hatari. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, na kila nilipomaliza nilinawa kwa sabuni.)

Shangazi alinitazama kwa siku nne bila kuuliza. Siku ya tano alinishikia ngazi.

Baada ya wiki tatu maua yote ya uzi mweusi yalikuwa yameanguka. Ya buluu yote yalikuwa yameanguka. Ya uzi mwekundu yalianguka 19. Moja lilibaki. Petali zilikauka zikatoka, lakini kikonyo hakikutoka. Chini yake palivimba, kisha pakagawanyika pande mbili kama pembe changa za mbuzi. Hilo ndilo tunda la mfranjipani: maganda mawili yaliyounganishwa shingoni.

Mwalimu aliniasa nisitambe. Ua moja katika 20 ni dalili, si ushahidi wa kutosha. Ni lazima jaribio lirudiwe. Nimekubali, na Disemba hii nitalirudia kwa maua mengi zaidi. Lakini dalili hiyo inakwenda sambamba na waliyoyaona wataalamu, na kwa kijiji chetu ilitosha kuzima mzaha.

JIBU NILILOMPELEKEA SHANGAZI

Nilipomweleza yote, shangazi aliuliza, "Kwa hivyo haukuwa tasa?"

"Haukuwa tasa, shangazi. Ulikosa mwenzi. Miti yote ya kijiji hiki ni huo huo mmoja."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Miaka yote hii watu wameutazama mti huu peke yake. Hakuna aliyeuliza habari za wa pili."

Sikujibu. Si mahali pa mtoto kujibu. Binadamu si mti, nami sitaki kulinganisha. Lakini baadaye darasani tulifundishwa kwamba mume na mke wanapokosa mtoto, sababu yaweza kuwa kwa mwanamume, au kwa mwanamke, au kwa wote wawili, na pengine hata daktari haioni. Nilipolisikia somo hilo nilikumbuka bombani.

Wapo watakaosema, basi mti usipozaa hauna maana. La hasha. Mti wa babu ulitupa kivuli, maua na harufu kabla sijaugusa kwa mshipi. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota; mgomba huendelezwa kwa machipukizi yake, na nani atamwita mgomba bure? Kupanda kwa tawi kuna faida pia: unapata rangi ile ile uliyoipenda. Mbegu ni bahati nasibu, na miche yake yaweza kutoa maua yasiyofanana na ya mama wala ya baba. Kasoro ya matawi ni kwamba miti yote ikiwa mmoja, ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote. Kwa sababu hiyo ni vizuri kijiji kiwe na zaidi ya mti mmoja wa kweli.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuta maganda yale yamefika urefu wa kiganja, yameanza kugeuka rangi ya kahawia. Mbegu za mfranjipani zina bawa jembamba kama karatasi. Maganda yakipasuka, upepo huzipeperusha, nawe huzioni tena. Nilikuwa nimepanga kumweleza shangazi hatari hiyo. Nikakuta ameshapanda ngazi, ameyafunika kwa kipande cha chandarua, amekifunga kwa ule ule uzi mwekundu. Na makopo ya udongo alikuwa ameshayapanga ukutani, pale lilipokuwa shoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja hatua nne zinazohitajika ili ua lizae mbegu. Mpapai dume umekwama katika hatua gani?

2. Eleza tofauti kati ya mti uliotokana na mbegu na mti uliotokana na tawi.

3. Kwa nini mwandishi alitumia nyuzi za rangi tatu, badala ya kujaribu chavua ya mti mwekundu peke yake?

4. Chagua mti mmoja wa maua nyumbani kwenu au hapa shuleni ambao hujawahi kuona mbegu yake. Kabla ya kuupa jina lolote, waulize wazee ulitoka wapi. Andika majibu yao.